Nililipwa Kuvuruga Mkutano wa Siasa. Je, Toba Yangu Inatosha?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Likoni, Mombasa. Wakati wa kampeni, mgombea mmoja alitupa pesa twende tukavunje mkutano wa mpinzani wake. Nilimpiga mtu jiwe la kichwa, akashonwa. Tukapindua meza ya mama muuza viazi karai, mafuta yakamwagika, na mauzo yake yakachukuliwa. Nimetubu na swala siachi. Je, yatosha? Na dhambi si ya aliyetutuma?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kujuta kwako ni kheri, lakini hakutoshi. Kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia ni baina yako na Mola wako. Penye haki ya mja pana sharti la nne: kumrudishia haki yake. Mtume (s.a.w.) alisema muflisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali alikula mali ya huyu na kumwaga damu ya yule. Mema yake watagawiwa wao, na yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Hizo swala usizoacha ndizo atakazochukua mama yule, usipomlipa leo.

Basi mlipe: meza, mafuta, viazi, mauzo ya siku ile. Ukichelea fitina, mpe mzee unayemwamini amfikishie bila kukutaja. Aliyeshonwa jambo lake ni zito zaidi. Nenda na wazee, umwombe radhi, ugharimie matibabu. Akitaka kwenda mahakamani ni haki yake, usikimbie.

Pesa za mgombea ni haramu. Usimrudishie, asije akamlipa mwingine kwa kazi ile ile. Wape mafukara kiasi hicho.

Ama aliyekutuma, dhambi yake ipo na yako ipo. Qur'ani (33:67) inawataja watu wa Motoni wakilalama kwamba waliwatii mabwana na wakubwa wao, wakapotezwa. Kilio hicho hakikuwatoa Motoni. Nanyi wa Likoni mmeyaona: Agosti 1997, uchaguzi ukikaribia, vijana waliolishwa viapo walishambulia kituo cha polisi, kisha wakawageukia majirani wa kutoka bara. Watu wengi waliuawa, maelfu wakakimbilia kanisani. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza ghasia hizo, iliona mkono wa wanasiasa. Walioshuhudia bado wako mtaani kwenu, waulize.

Wenzako mliotumwa pamoja, waambie deni la mama ni lao pia. Wakikataa, lilipe lote wewe. Wallahu aalam.