Kuhusu bi mkubwa wa Wete anayesahau

Nimekusoma, ndugu yangu. Daktari kasema mama ana upungufu mdogo wa kumbukumbu, bado anapika na kwenda sokoni mwenyewe, nawe wataka kujua kama itaishia Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Hakuna kipimo cha kukata shauri. Kwenye kliniki za kumbukumbu, kiasi cha watu 10 hadi 15 kati ya 100 wenye hali kama ya mama huingia kwenye ugonjwa wa kusahau (dementia), ambao Alzheimer ni aina yake, kila mwaka. Wengine hubaki vilevile, na wapo wanaorudi sawa.

Kwa hiyo usikimbilie picha za ubongo Dar. Anza na damu: vitamini B12, tezi ya shingo, sukari. Presha na masikio pia. Halafu mwaga mfuko wake wa dawa mezani kwa daktari, wote, hata piritoni ya mafua anayomeza usiku apate usingizi. Kwa mzee hiyo huvuruga kumbukumbu.

Kuuliza bei ya pweza mara tatu, kama ulivyoeleza, andika daftarini na tarehe. Miezi sita baadaye arudie maswali yaleyale ya daktari, mlinganishe. Akipotea njia ya kwao, mrudishe kwa daktari mapema. Akichanganyikiwa ghafla, hospitali siku hiyohiyo. Na hizo dawa za "kusafisha ubongo" za mitandaoni, achana nazo.