Inveta kwenye kompresa: usikimbilie kusema imeungua

Ndugu mmoja wa Kahama ameniandikia. Ana chumba cha baridi cha nyama, bili ya umeme inamtoa jasho, amesikia inveta ya kubadilisha mwendo wa mota (siyo ile ya sola) inapunguza matumizi. Anauliza anunue ya HP (nguvu za farasi) ngapi.

Kwanza nikusimulie. Tajiri mmoja wa samaki hapa Mwanza alishaambiwa na fundi wake kwamba inveta imekufa, anunue nyingine. Kompresa ya pistoni, ile mashine inayobana gesi ya baridi, ikiwashwa inaguna, inajikongoja, halafu inveta inakata kwa ampea kuzidi. Wenzangu walishafungua kila kitu. Mimi nikafungua menyu. Nikakuta imewekwa kwenye mpangilio wa feni na pampu.

Feni ukiipunguza mwendo, mzigo wake unashuka sana, ndiyo maana mpangilio ule unabana volti. Kompresa haiko hivyo. Hata ikizunguka taratibu, pistoni inasukuma gesi dhidi ya presha ya kondensa, yale mabomba yanayotoa joto nje. Mota ya volti 400 kwa hezi 50 (hezi ndizo zinaamua mwendo wa mota) inataka kama volti 240 ikifika hezi 30. Mpangilio wa feni unaipa kama 144. Lazima ivute ampea mpaka ikatwe! Nikaweka mpangilio wa mzigo usioshuka, mwendo wa chini nikaufunga hezi 30 maana chini zaidi pampu ya oili inaweza kushindwa kulisha beringi. Ikaondoka bila kuguna.

Tajiri akasema, "Kumbe ni kubonyeza tu?" Akanipa nauli. Aliyetaka inveta itupwe alikuwa ameshalipwa bei kamili. Mpaka leo inaniuma.

Vijana, someni kitabu cha mashine. Geji shingoni bila kusoma ni mapambo. Nanyi wenye mali, fundi anayemaliza kazi mapema mlipeni kwa alichokijua, siyo kwa jasho. Someni, nasema tena.

Sasa ndugu yangu wa Kahama, HP isikudanganye: soma ampea kwenye kibati cha kompresa, ya inveta isiwe chini ya hapo. Kama kompresa ni ya fezi moja yenye kapasita, achana na wazo hilo. Konaktori, yaani swichi kubwa ya umeme, iliyo kati ya inveta na mota isifunguke mashine ikizunguka, inaweza kuiua inveta. Mabomba yako yakiwa marefu na yanapanda juu, gesi ikienda polepole oili inabaki kwenye evaporeta (mabomba yanayopoza chumba), kwa hiyo iamuru inveta ipande hezi 50 mara kwa mara iirudishe.

Na kama kompresa inafanya kazi kwa nguvu zote kutwa bila kupumzika, inveta haitakuokolea kitu. Yenyewe nayo inakula umeme kidogo. Anza na vumbi la kondensa na raba za mlango. Bili ikibaki palepale, nitumie picha ya kibati kabla hujatoa hela.