Kusoma dunia nchi moja moja: kwa nini uanze na jirani

Umoja wa Mataifa una nchi wanachama 193, na mtu anayeamua kusoma walau kitabu kimoja kutoka kila nchi hujikuta na swali kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: aanzie wapi? Wengi huanza na orodha. Mwaka 2012 mwandishi Mwingereza Ann Morgan aliifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja, na tangu wakati huo orodha za namna hiyo zimekuwa nyingi mtandaoni. Ninazithamini, na nimechota humo mara nyingi. Hata hivyo, ushauri wangu kwa msomaji wa Kiswahili ni kwamba asisafiri kwa ramani iliyochorwa na mtu aliyesimama mahali pengine. Katika orodha iliyoandaliwa London, Msumbiji huja mwishoni, miongoni mwa nchi za mbali zilizobaki. Kwa mtu aliyeko Mtwara, Msumbiji ni ng'ambo ya mto Ruvuma, pengine ana shangazi aliyeolewa huko, na bado hajapata kusoma hata hadithi moja iliyoandikwa na mwenyeji wa nchi hiyo.

Hali hiyo haitokani na uvivu wa wasomaji wetu. Inatokana na mipaka ya lugha tulizoachiwa na wakoloni, ambayo mara nyingi ni migumu kuvuka kuliko mipaka ya forodha. Riwaya ya Kireno iliyoandikwa Maputo hutafsiriwa kwa Kiingereza ikibahatika, huchapishwa Ulaya au Marekani, na ndipo inapoweza kutua Dar es Salaam au Nairobi ikiwa na bei inayomshinda mwalimu wa shule. Kwa sababu hiyo tumejikuta tunawafahamu Waingereza wa karne ya 19 kuliko tunavyowafahamu Wakomoro wa leo. Mimi nimekuwa nikisoma kwa mpango wa nchi moja moja kwa miaka kadhaa sasa, na ninachotaka kukisema hapa ni kimoja: anza na rafu ya Kiswahili, kisha wafuate majirani, kisha ufuate bahari, na dunia iliyobaki utaifikia ukiwa tayari una macho ya kuitazamia.

Rafu ya Kiswahili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila msomaji amesikia kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, lakini si wengi wanaojua kwamba miaka ya 1970 ilikuwa na mavuno ya tafsiri ambayo hatujayapata tena. Nigeria ilikuja na *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya riwaya maarufu ya Chinua Achebe, mwaka 1973. Uganda ilikuja na *Wimbo wa Lawino* wa Okot p'Bitek. Ghana ilikuja na *Wema Hawajazaliwa* ya Ayi Kwei Armah, na aliyeitafsiri ni Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyekuwa ametoka kifungoni kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Ukiisoma tafsiri hiyo utahisi mkono wa mtu aliyeifahamu hasira ya kitabu kile kabla ya kukigusa. Kamerun ina *Boi* ya Ferdinand Oyono, shajara ya kijana Toundi ambaye anatumikia kwanza nyumba ya padri na kisha nyumba ya komandanti wa Kifaransa, akiandika kila anachokiona huko ndani mpaka kuona kwake kunamponza. Ugiriki ya kale ina *Mfalme Edipode*, Urusi ina *Mkaguzi Mkuu wa Serikali* ya Gogol, Marekani ina *Mzee na Bahari* ya Hemingway. Senegali ina *Barua Ndefu kama Hii* ya Mariama Bâ, ambayo mwanamke yeyote wa pwani yetu ataielewa kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa kuwa Ramatoulaye anamwandikia rafiki yake akiwa kwenye eda, na msiba wenyewe ni wa mume aliyemwolea mke wa pili, binti wa umri wa mwanawe.

Nchi kadhaa, basi, unaweza kuzisoma bila kugusa kamusi ya Kiingereza. Vingi kati ya vitabu hivi havichapishwi tena, lakini vipo. Maktaba Kuu ya Taifa iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohammed, Dar es Salaam, ni mahali pa kwanza pa kuulizia, na maktaba za vyuo vikuu ni mahali pa pili. Wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara, Dar es Salaam na Nairobi, ni hazina ya tatu, mradi uwe mvumilivu na uwaachie namba yako ya simu pamoja na majina ya vitabu unavyovitafuta. Muuzaji akishajua kwamba una nia ya kweli, atakuwekea kitabu pembeni kabla hakijatandazwa.

Baada ya rafu hiyo, nenda kwa majirani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipofaidika zaidi. Kwa Msumbiji ninapendekeza *Niketche* ya Paulina Chiziane, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuchapisha riwaya, aliyepewa Tuzo ya Camões, tuzo kubwa ya waandishi wa Kireno, mwaka 2021. Kwa Kiingereza kinaitwa *The First Wife*. Rami, mke wa ndoa wa kamanda wa polisi mjini Maputo, anagundua kwamba mumewe Tony ana wanawake wengine wanne na watoto kila mahali. Anaanza kwa kwenda kupigana nao mmoja mmoja, kama ambavyo wengi wangetarajia. Lakini kadiri anavyoziingia nyumba zao anakuta upweke uleule alioufuata kuulipizia kisasi, na mwishowe anawakusanya, anawasaidia mtaji wa kuanzisha biashara ndogondogo, na siku ya sherehe ya kuzaliwa kwa Tony anawaleta wote hadharani pamoja na watoto wao. Kuna sehemu ambapo Tony anadhaniwa amekufa: ndugu wa mume wanaingia, wanakomba vyombo vya ndani, na mjane anatakiwa atakaswe kwa kulala na shemeji yake. Msomaji wa Mara, wa Kisumu au wa Songea hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa kwa jambo hilo. Niliposoma *Niketche* mara baada ya *Barua Ndefu kama Hii*, niliona wanawake wawili, mmoja Mwislamu wa Dakar na mmoja Mkristo wa Maputo, wakijibizana juu ya jambo moja bila kukutana, na tangu hapo huwa ninapenda kusoma nchi mbilimbili kwa namna hiyo, kila moja ikiihoji nyingine.

Kwa Komoro msome Ali Zamir, mzaliwa wa Mutsamudu katika kisiwa cha Nzwani. Riwaya yake *Anguille sous roche* ilitoka mwaka 2016, na tafsiri yake ya Kiingereza ni *A Girl Called Eel*. Kitabu kizima ni sentensi moja. Anayesema ni msichana wa miaka 17 ambaye anazama baharini, katika maji yanayotenganisha Nzwani na Mayotte, kisiwa ambacho kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu mwaka 2011 na ambacho Wakomoro wengi hujaribu kukifikia kwa mashua dhaifu wanazoziita kwasakwasa. Kwa kuwa pumzi zake zinakwisha, hana nafasi ya kuweka nukta. Anasimulia habari za baba yake mvuvi, za pacha wake, na za mwanamume aliyempa mimba na kumkana, yote kwa mkupuo mmoja. Ushauri wangu ni ukisome kwa vikao virefu vichache, na ukisome kwa sauti pale unapochoka, kwa maana sauti ndiyo inayokibeba.

Kutoka hapo upepo wa kusi hukupeleka Oman. Jokha Alharthi alipata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019, pamoja na mfasiri wake Marilyn Booth, kwa riwaya iliyojulikana kwa Kiingereza kama *Celestial Bodies*, na ilikuwa mara ya kwanza kwa kitabu cha Kiarabu kuipata. Ni habari ya madada watatu katika kijiji cha al-Awafi, mmoja wao akiwa Mayya, anayeushangaza ukoo wake kwa kumpa binti yake jina la London. Lakini kilichonishika mimi ni Zarifa, mtumwa aliyemlea mwana wa tajiri wake hadi akawa kama mama kwake, katika nchi ambayo utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970. Soma kitabu hiki karibu na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ambamo kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa deni la baba yake. Historia ya biashara ya bahari yetu husimuliwa mara nyingi kwa tarehe na majina ya masultani. Vitabu hivi viwili vinaisimulia kutoka jikoni na uani, kwa watu waliolipa gharama yake.

Kwa Rwanda kuna Scholastique Mukasonga, kwa Burundi kuna Gaël Faye, kwa Kongo kuna Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi. Sitavieleza vitabu vyao hapa. Nimewataja ili usikose pa kuanzia.

Huenda utajiuliza nani anahesabiwa kuwa mwandishi wa nchi fulani. Gurnah ameishi Uingereza tangu ujana wake, na Faye alizaliwa Bujumbura kwa mama Mnyarwanda na baba Mfaransa. Mimi sitazami pasipoti. Ninatazama kama kitabu kinaifahamu nchi kutoka ndani, kiasi kwamba mwenyeji akikisoma hataona anaelezwa kama kitu cha maonyesho. Kitabu cha mtalii aliyepita, hata kikiwa kizuri, ni kitabu kuhusu nchi na si kitabu cha nchi, na ninakuomba usikiwekee alama ya vema.

Unapofika mbali, chagua vitabu vifupi mwanzoni. Kyrgyzstan ni mfano mwema. *Jamilia* ya Chingiz Aitmatov, iliyotoka mwaka 1958, unaweza kuimaliza kwa siku moja. Wanaume wako vitani, na wanawake pamoja na vijana wanasomba ngano kwa mikokoteni ya farasi kuipeleka stesheni ya reli. Siku moja Jamilia na shemeji yake mdogo wanamfanyia mzaha Daniyar, askari mkimya aliyerudi na jeraha la mguu, kwa kumpakilia gunia kubwa lenye uzito wa zaidi ya kilo 100. Daniyar hasemi neno. Analibeba mgongoni na kupanda ubao mwembamba huku mguu ukimtetemeka, watu wanampigia kelele alitupe, naye halitupi mpaka amefika juu. Kuanzia hapo mzaha umekwisha, na Jamilia hamwangalii tena kwa jicho lilelile. Sijawahi kufika katika nyika zile, lakini nikisikia jina la nchi hiyo katika taarifa ya habari, ninauona ubao ule na mtu yule juu yake.

Weka daftari, na kila nchi uipe kurasa zake. Usiandike muhtasari wa hadithi, kwa kuwa muhtasari utaupata popote. Andika watu wanakula nini, nani anaogopwa nyumbani, pesa inatoka wapi, maiti anazikwa vipi, mkwe anasalimiwaje. Andika pia swali moja ambalo kitabu kimekuachia, kisha ulitumie swali hilo kuchagua kitabu kinachofuata, ama cha nchi hiyohiyo ama cha nchi nyingine. Usione aibu kukaa katika nchi moja kwa miezi. Misri haiishi kwa kitabu kimoja cha Naguib Mahfouz, wala Afrika Kusini haiishi kwa mwandishi mmoja, na mtu anayekimbilia kutimiza hesabu ya 193 hupita mahali ambapo angepaswa kushuka.

Zipo nchi ambazo utazitafuta na kukosa. Ann Morgan alipokosa kitabu cha São Tomé na Príncipe kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, watu waliojitolea walimtafsiria hadithi za Olinda Beja kutoka Kireno, wakagawana kurasa. Sisi tuna watu wa kazi hiyo. Wako wasomaji Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wanaokijua Kifaransa na Kiswahili kwa kiwango kimoja. Wako Watanzania waliosoma na kufanya kazi Maputo. Wako Waswahili wa Muscat wanaosoma Kiarabu tangu utotoni. Ikiwa wewe ni mmoja wao, chagua hadithi fupi moja ya nchi unayoijua, mwandikie mchapishaji wake uombe ruhusa, tafuta mwenzako mmoja wa kukuhariri, na uanze na kurasa kumi. Ukiniuliza mimi ni kitabu gani kinachosubiriwa zaidi, nitakutajia *Niketche*: kitoke Kireno moja kwa moja kuja Kiswahili, kichapishwe Dar es Salaam, na kiuzwe Mtwara kwa bei ambayo mama muuza vitenge anaweza kuitoa.