Sehemu ya sita: kabla hujaacha, pima kitambaa kilichobaki

Saa kumi na nusu jioni hapa Tanga ni saa mbili na nusu usiku kule Bangkok, na Ijumaa saa hiyo ndipo tamthilia kadhaa za Kithai za BL (Boys' Love) nilizozipenda zilipokuwa zikianza. Kwangu ni saa mbaya kuliko zote za wiki. Mimi ni fundi cherehani, na Ijumaa jioni ndipo wateja wanapomiminika kuchukua nguo za harusi za Jumamosi, mmoja anataka ipunguzwe kiunoni, mwingine kanenepa tangu nimpime. Kwa hiyo natazama baada ya isha, cherehani imeshafunikwa, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, hedifoni masikioni. Hedifoni ni lazima. Hizi ni hadithi za vijana wawili wa kiume wanaopendana, Wathai wenyewe huziita "series wai", kwa herufi Y, na si kila anayepita mlangoni pangu ninataka tuanze naye mjadala.

Nyingi zina sehemu 12, moja kwa wiki. Ni karibu miezi mitatu ya kusubiri, na kila zinapofika sehemu ya sita meseji zinaanza kuingia: "Dada, hii niendelee au niache? Bando langu linaisha." Ni swali la haki. Nimelijibu vibaya mara nyingi, na makosa yale ndiyo yaliyonifundisha.

Kosa la kwanza lilikuwa Bad Buddy, mwishoni mwa 2021. Pat na Pran ni majirani, wazazi wao hawaelewani kabisa, tena Pran aliwahi kuhamishwa shule ili tu asiwe karibu na Pat. Chuoni mmoja yuko uhandisi, mwingine usanifu majengo, na vitivo vyao vinapigana ngumi. Basi sehemu ya tano ikaishia juu ya paa, wakabusiana, na kundi letu la WhatsApp likalipuka. Mimi nikajifanya mjuzi nikaandika: "Imekwisha hiyo. Wameshabusiana na bado wiki saba. Kilichobaki ni kujazia tu." Wawili wakaacha kutazama kwa maneno yangu. Mmoja bado ananikumbusha.

Nilichokuwa sijakiona ni kitu ambacho nakiona kila siku mezani kwangu. Mteja akileta mita nne, ukakata mbele na nyuma, huwezi kusema nguo imeisha wala imeharibika. Unaangalia kitambaa kilichobaki mezani: kinatosha mikono? Kola je? Katika Bad Buddy busu lilikuwa mbele na nyuma tu. Ugomvi wa wazazi ulikuwa umetandazwa tangu sehemu ya kwanza na hakuna aliyeugusa kwa mkasi. Kwa nini wanachukiana? Nani alimkosea nani? Vijana watafanya nini wakijua? Nusu ya pili ilishonwa kwa kitambaa hichohicho, na ndiyo maana ikakaa mwilini.

Tangu siku hiyo mtu akinifuata sehemu ya sita simuulizi kama wameshabusiana. Namuuliza: mpaka sasa umeonyeshwa tatizo gani ambalo bado halijaguswa? Akilitaja bila kufikiri, aendelee. Akianza kuniambia steringi ni mzuri na vishimo vya mashavuni vinamuua, hapo pana walakini.

2gether ya 2020 ndiyo mfano wa upande wa pili, na najua nitatukanwa. Dunia ilikuwa imejifungia ndani kwa korona, na waigizaji wake Bright na Win ndio waliotupa cha kusubiri. Tine anamwomba Sarawat ajifanye mpenzi wake ili kumkimbiza kijana anayemsumbua. Kichekesho kitamu, mpaka katikati nilikuwa nimekwisha. Lakini hadithi ya kujifanya wapenzi ina kitambaa kifupi: wakishapendana kweli, kimekwisha. Zilipobaki sehemu chache akaletwa Pam, binti wa zamani za Sarawat, na Tine akanuna kwa jambo ambalo swali moja tu lingelimaliza. Hicho ni kitambaa cha duka jingine, rangi inakaribiana lakini ukisimama juani inaonekana. Agosti mwaka huohuo wakatoa Still 2gether, sehemu tano, na mimi nikaiona kama fundi aliyerudishiwa nguo arekebishe kola. Aliirekebisha vizuri, lazima niseme.

Hapo ndipo inapotoka ile wanayoiita laana ya sehemu ya 11. Mkitazama nyingi mtaizoea: ya 11 wanaachana, ya 12 wanarudiana, kila mtu analia kwa ratiba. Sina tatizo na kuachana. Nina tatizo na kuachana kusikokuwa na mbegu. Bad Buddy walituchezea vizuri hapo, maana tulifika sehemu ya 11 na leso mkononi, tukawakuta Pat na Pran wametorokea pamoja ufukweni.

Na ziko ambazo katikati zinabadilisha nguo kabisa. Love in the Air ya 2022, ukifika karibu na katikati, Payu na Rain wanasogezwa pembeni na hadithi inahamia kwa Prapai na Sky. Niliandikiwa na dada mmoja amekasirika kweli, anadhani simu yake imeruka sehemu. Hapo ushauri ni mfupi: chukulia ni tamthilia mbili, na kama umewapenda wale wa kwanza tu, simama hapo bila aibu.

Jambo dogo la matumizi. GMMTV, kampuni ya Thailand inayotengeneza nyingi kati ya hizi, hupandisha nyingi za kwao YouTube, kila sehemu imekatwa vipande vinne, na maandishi ya chini ya Kiingereza. Vipande vinne vinafaa sana kwa mtu wa bando la siku, unaweza kutazama kimoja ukimsubiri mteja. Na msishangae katikati ya machozi mtu akisimama kusifia kinywaji huku chupa imegeuzwa jina lake likutazame. Ndiyo wanavyolipia hadithi. Mimi hutumia muda huo kutia uzi kwenye sindano.

Sasa nije kwa Last Twilight, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba kipimo changu nacho kina tundu.

Nina shoga yangu (shoga kwa maana ya bibi zetu, msianze) ambaye macho yake yamekuwa yakififia tangu tuko sekondari. Sasa anatofautisha mwanga na kivuli, basi. Tamthilia anasikiliza. Usiku wa Ijumaa au Jumamosi ananipigia, kila mmoja anafungua video kwake, tunahesabu moja, mbili, tatu, tunabonyeza pamoja, halafu yeye anasikia Kithai na mimi namsomea maandishi kwa Kiswahili. Waigizaji anawajua kwa sauti kuliko ninavyowajua mimi kwa sura.

Kazi hii ina vituko vyake. Tulipoirudia SOTUS, ile ya 2016, Kongpob wa mwaka wa kwanza anamwita Arthit wa mwaka wa tatu "Phi", yaani anayekuzidi umri, kama sisi tunavyosema kaka au dada. Nikawa nasoma "kaka Arthit". Yalipofika mambo ya mapenzi shoga yangu akacheka mpaka akakata simu. "Kaka wa wapi huyo? Toa hiyo kaka!" Tukakubaliana Phi libaki Phi, na mdogo abaki Nong.

Last Twilight ilianza Novemba 2023. Day alikuwa mchezaji wa badminton, anapoteza uwezo wa kuona. Anatafutiwa mtu wa kumhudumia, na anamchagua Mhok, kijana aliyetoka jela, kwa sababu ndiye pekee ambaye Day hakuona huruma machoni pake. Niliposoma hapo shoga yangu alinyamaza, kisha akasema, "Rudisha nyuma." Tukarudisha mara tatu.

Kufika sehemu ya sita nilikuwa natuma sauti za dakika tano tano kwenye kundi. Kitambaa kilikuwa tele: mama anayemfungia mtoto ndani kwa mapenzi, ndugu wa Day na hatia zake, Mhok na kumbukumbu za dada yake. Kwa kipimo changu ilikuwa nguo ya kuvaliwa harusini. Nikawaambia watu wote waendelee.

Mwisho ukaja Januari 2024. Waliachana, miaka ikaruka, wakakutana tena, na Day amepandikizwa konea, anaona. Niliisoma ile sehemu huku sauti yangu ikipungua. Upande wa pili wa simu kimya. Mwisho akasema: "Basi wiki zote zile alikuwa kwenye foleni tu ya hospitali."

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kusema kwamba lakini walirudiana, akaniambia hajalalamikia kurudiana. Kesho yake nikiwa napiga pindo gauni la mtu ndipo nilipoelewa nilikosea wapi. Kitambaa kilitosha, hilo nilipima sawa. Sikuuliza nguo inashonwa kwa mwili wa nani. Kwa wiki zote zile shoga yangu alidhani anashonewa yeye, mtu asiyeona na anayeendelea kuishi, anapendwa, anakasirika, anakosea. Mwishoni nguo ikamkaa mwenye macho.

Kwa hiyo siku hizi katikati ya msimu nina swali la pili, nalo ni gumu kulijibu mapema: huyu mhusika aliyewekwa mbele yetu, hadithi inamtaka alivyo au inamsubiri abadilike ndipo imzawadie? Dalili huwa zipo. Sikiliza watu wengine ndani ya hadithi wanazungumziaje kesho yake. Tazama kama anapata siku ya kawaida, ya kula na kuchoka na kugombana juu ya kitu cha kipuuzi, bila tatizo lake kuwa ndiyo mada. Hata hili la ndoa liangalie hivyohivyo. Sheria ya Thailand ya kuruhusu watu wa jinsia moja kuoana ilianza kufanya kazi tarehe 23 Januari 2025, kwa hiyo mwandishi wa leo akiwaweka wapenzi wake wawili wakiota harusi, ana mlango halisi wa kuwapeleka, na nina haki ya kumuuliza kwa nini anawazungusha.

Baada ya ile ya Day, shoga yangu aligoma mwezi mzima. Nilimrudisha kwa Moonlight Chicken ya 2023, ina sehemu nane tu, na ni hadithi ya watu wazima kidogo. Jim ana duka la wali wa kuku Pattaya, ule wali unaopikwa kwa supu na mafuta ya kuku, kuku wa kuchemsha anakatwa vipande juu yake, tango pembeni, na mchuzi wa tangawizi na pilipili. Shoga yangu alipenda kisu kikigonga ubao, akawa anajua Jim yuko dukani kabla sijasema. Katikati, yaani sehemu ya nne, nikamwomba yeye ndiye apime. Akahesabu: duka linamwelemea, Wen anayempenda Jim bado anaishi nyumba moja na Alan waliyeachana, mpwa wa Jim, Li Ming, hataki maisha anayopangiwa. "Kipo cha kutosha," akasema. "Na yule Heart?"

Heart ni kijana kiziwi, na Li Ming anajifunza lugha ya alama ili waongee. Katika sehemu zao mara nyingi hakuna sauti ya kusikiliza, ni mikono tu. Kithai kimenyamaza, yeye hana cha kusikia na mimi nina maandishi ambayo peke yake hayatoshi. Nikaanza kumsimulia mikono: sasa ameinua kidole, amekigusa kifuani, amekosea, Heart anacheka, anamshika mkono anamwelekeza.

"Anasema nini?"

Nikamwambia asubiri, Li Ming ndiyo kwanza anajifunza, anakwenda polepole.

"Basi na wewe nenda polepole," akasema, na nikasikia anajiweka sawa kitandani.