Ukitaka Kuandaa L'Orfeo, Anza na Mjumbe wa Msiba

Kila ninapokutana na mtu anayetaka kuandaa L'Orfeo, opera ya mtunzi Claudio Monteverdi, swali lake la kwanza huwa kuzimu: itajengwaje jukwaani, moshi utoke wapi, mashua ya Caronte, mvushaji wa wafu kwenye mto wa kuzimu, ivutwe na nani. Mimi humrudisha kwenye tendo la pili, pale mjumbe anapoingia na habari za kifo. Nimeiandaa opera hii huku Italia na kikundi kidogo kisicho na fedha, na nina hakika kwamba onyesho zima linategemea dakika zile.

Kisa ni cha Wagiriki wa kale. Orfeo, mwimbaji asiye na mfano, anamwoa Euridice. Siku hiyohiyo bibi harusi anaumwa na nyoka akichuma maua. Mumewe anamfuata kuzimu, anarudishiwa kwa sharti kwamba asigeuke kumtazama njiani. Anageuka.

Monteverdi ameupanga msiba kwa ustadi wa kutisha. Wachungaji wanashangilia, Orfeo ndiyo kwanza amemaliza wimbo wa furaha wa beti nne. Mjumbe anaingia, na vyombo vinavyomsindikiza ni viwili tu: kinanda kidogo cha filimbi za mbao, na chitarrone, yaani udi mkubwa wenye shingo ndefu. Anapotamka kwamba Euridice amekufa, Orfeo anajibu neno moja, “Ohimè”, yaani ole wangu, kisha ananyamaza. Mjumbe anasimulia yote, wachungaji wanaomboleza, yeye bado kimya. Hapo usimpe mwimbaji wako kazi yoyote. Asipige magoti, asishike kichwa, asizungukezunguke. Aliyewahi kukaa matangani anajua kwamba mfiwa mwenyewe mara nyingi ndiye asiye na la kusema. Akifungua kinywa hatimaye, “Tu se' morta”, yaani wewe umekufa, ukumbi mzima utakuwa umemsubiri.

Ili mjumbe aaminike, waimbaji wasome maneno kabla ya kugusa noti. Sisi tulikaa mezani na mashairi ya Alessandro Striggio, aliyeandika maneno ya opera hii, tukiyasema kwa sauti ya kawaida, mpaka kila mmoja akajua anamwambia nani na kwa nini. Muziki huu umeandikwa ufuate usemaji: sauti ya chini inashikilia, mwimbaji anakwenda kwa pumzi ya maneno. Kwa hiyo kiongozi wa muziki ashushe mkono, asimhesabie mapigo.

Ukumbi mdogo usikutie unyonge. Opera hii ilichezwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1607 katika jumba la akina Gonzaga, watawala wa Mantova, mbele ya wanachama wa Accademia degli Invaghiti, chama cha wasomi wa mji huo, na Monteverdi mwenyewe alikuja kuandika kuhusu wembamba wa jukwaa lile. Sura za watu zikionekana kwa karibu, tendo la pili linafaidika.

Fedha chache ulizo nazo zipeleke kwenye vyombo, mapambo yangoje. Nakala iliyochapishwa Venezia mwaka 1609 inaagiza kwamba kuzimu ikifika, fidla na vinanda vya filimbi za mbao vinyamaze, ziingie tromboni, kornetto (pembe ya mbao yenye matundu) na regale, kinanda kidogo chenye sauti ya kukwaruza. Kodi regale hiyo hata kama itabidi ufute moshi wote. Caronte akiimba juu yake, hakuna atakayeuliza mto uko wapi.

“Possente spirto”, wimbo ambao Orfeo anamwimbia Caronte ili avushwe, umechapishwa kwa mistari miwili: mmoja mtupu, mwingine uliojaa madoido. Mwimbaji ajifunze ule mtupu kwanza, hadi ombi lenyewe limkae moyoni. Madoido yakija baadaye yatakuwa ya mtu anayebembeleza.

Kuhusu mwisho itakubidi uchague mapema. Maandishi ya 1607 yanamalizia kwa wanawake wa Bacco, mungu wa mvinyo, wanaomgeukia Orfeo kwa hasira, lakini muziki wake haupo. Noti za 1609 zinamleta mungu Apollo, baba yake Orfeo, anayempandisha mbinguni. Sisi tulimchukua Apollo, tukamwambia Orfeo apande polepole, kama mtu asiyetaka kuondoka, kwa sababu Euridice haendi naye. Ngoma ya mwisho, moresca, tuliipiga kwa kasi na bila mchezaji hata mmoja jukwaani.