Maswali Yenu: Oba wa Benin, Chaki Iliyovunjika na Viapo Vilivyotenguliwa

SWALI: Huyu Oba wa Benin ndiye mfalme wa nchi ya Benin, ile iliyo jirani na Togo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Siye. Kiti chake kiko Benin City, makao makuu ya Jimbo la Edo, kusini mwa Nigeria, na watu wake ni Waedo. Nchi unayoitaja iliitwa Dahomey hadi mwaka 1975, ilipojipa jina la ghuba inayopakana nayo. Nayo Dahomey ilikuwa na wafalme wake wengine kabisa, waliokaa Abomey.

SWALI: Nimesikia kwamba Oba akifariki, watu huambiwa chaki imevunjika. Kwa nini? Na mrithi anachaguliwa na nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa Waedo, neno "kufa" halisemwi juu ya Oba. Tarehe 29 Aprili 2016, msiba wa Oba Erediauwa ulipotangazwa, Iyase, yaani mkuu wa machifu wa mjini, alivunja orhue mbele ya watu. Orhue ni udongo mweupe unaofinyangwa na kukaushwa hadi kuwa kama chaki, nao kwa Waedo ni alama ya heri na usafi. Ikivunjwa hadharani namna hiyo, kila Mwedo ameshaelewa.

Mrithi hachaguliwi. Ni mtoto wa kiume wa kwanza aliye hai, basi. Utaratibu huu ulikazwa karne ya 18, baada ya ndugu kugombea kiti mpaka ufalme ukayumba. Lakini kuzaliwa wa kwanza hakutoshi: lazima kwanza amzike baba yake na kukamilisha taratibu zote za mazishi. Sheria hiyo haiishii ikulu. Mwedo wa kawaida naye akifariki, nyumba aliyoishi na kufia, inayoitwa igiogbe, ni ya mwanawe mkubwa, ila baada ya mazishi kukamilika. Baba hawezi kumnyima nyumba hiyo kwa wosia, na mahakama za Nigeria zimelikubali jambo hilo. Familia nyingi hukwama hapa: mkubwa yuko ughaibuni, mazishi hayajakamilika, na nyumba haigawiki wala haiuziki.

Mrithi wa kiti hupewa kwanza cheo cha Edaiken na kukaa Uselu. Kutoka huko hufunga safari ya kwenda kutawazwa, na njiani kila kituo kina kazi yake. Kuna mchikichi anaoukwea kwa ishara tu. Kuna kijiji cha Use, anakopata jina la kutawalia. Kuna na pigano la kuigiza dhidi ya ukoo wa Ogiamien, uliowahi kupinga utawala wa ma-Oba. Mwishowe hufika Usama, ambako wazee wa baraza la Uzama, wakiongozwa na mwenye cheo cha Oliha, humvika taji. Oba wa sasa, Ewuare II, alitawazwa tarehe 20 Oktoba 2016. Kabla ya hapo alikuwa balozi wa Nigeria, Angola ikiwa mojawapo ya vituo vyake.

SWALI: Vile vichwa vya shaba vilivyoporwa na Waingereza vilikuwa mapambo ya ikulu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Tungeomba neno "mapambo" liachwe. Oba mpya alipaswa kumjengea baba yake madhabahu na kuagiza kichwa cha shaba cha kuweka juu yake. Utosini mwa kichwa huachwa tundu, na humo husimamishwa pembe ya ndovu iliyochongwa. Hapo ndipo Oba huongea na waliomtangulia.

Wanaovitengeneza ni ukoo wa wahunzi wa mtaa wa Igun, na kazi hiyo inaendelea mpaka leo. Hufinyanga kiini cha udongo na kukiacha kikauke kabisa, kisha hukivika nta na kuchora humo kila shanga na kila mkunjo wa uso. Tabaka la kwanza la udongo juu ya nta huwa laini mno, maana ndilo linaloshika mchoro. Yanayofuata ni mazito. Kalibu, yaani ganda hilo la udongo, hutiwa moto, nta huyeyuka na kutoka, na shaba iliyoyeyuka humiminwa mahali pake. Kinachoharibu kazi zaidi ni pupa ya fundi: udongo ukibaki na unyevu, mvuke hupasua kalibu au huacha mashimo usoni. Na hakuna kurudia, kwa sababu kalibu huvunjwa ili kitu kitoke.

Majeshi ya Uingereza yalipouteka mji Februari 1897, walichukua maelfu ya kazi hizi na kumhamishia Oba Ovonramwen katika mji wa Calabar, alikofia Januari 1914. Miaka 17 hakuna Oba, mpaka mwanawe Eweka II alipotawazwa mwaka huohuo. Machi 2023 serikali ya Nigeria ilitangaza kwamba mali iliyoporwa ni ya Oba. Kwa maoni yetu hilo ni sahihi: ni vitu vya madhabahu ya ukoo wake.

SWALI: Katika Nigeria ya leo, yenye gavana na mahakama, Oba ana nguvu gani hasa?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Kwenye karatasi, kidogo. Katiba ya 1999 haimpi mamlaka ya kutawala, na tangu sheria ya ardhi ya 1978 msimamizi wa ardhi ya jimbo ni gavana. Nguvu yake utaiona kwenye kiapo.

Wasichana wengi wa Edo wanaouzwa Ulaya, Italia hasa, huapishwa kwanza kwenye madhabahu ya mizimu. Huchukuliwa nywele, kucha, pengine na damu, wakala kiapo kwamba watalipa deni lote na hawatamtaja aliyewapeleka. Deni lenyewe hufika makumi ya maelfu ya yuro. Hata polisi wa kule wakimpa binti ulinzi, yeye hubaki kimya, kwa kuwa anachoogopa si jela bali ni kichaa au kifo cha mama yake nyumbani.

Tarehe 9 Machi 2018, Ewuare II aliwaita ikulu makuhani wa madhabahu. Akawalaani wanaoapisha wasichana kwa biashara hiyo, na akavitengua viapo vyote vilivyokwisha kuliwa. Hakimu hawezi kufanya hivyo. Anayeamini kiapo haachiliwi na hati ya mahakama. Huachiliwa na aliye juu ya kuhani aliyemwapisha, na kwa Waedo huyo ni Oba.

Kwa hiyo ukikutana na binti wa Edo aliyefungwa na kiapo cha namna hiyo, usianze kwa kumwambia kwamba uganga ni uongo. Mwambie Oba ameshakitengua, umtajie na tarehe. Kisha msindikize kwa wanaoweza kumlinda, kwa sababu deni wanaomdai watalidai bado, na wanajua kwao ni wapi.