Siku 34, shoo 11

Msimu wangu wa kwanza wa kuzunguka Ulaya nilirudi Unguja mwanzo wa Septemba na Euro 340 taslimu, sidii tatu tulizobadilishana na wenzetu nyuma ya jukwaa, na mafua. Mke wangu alizihesabu zile Euro mara mbili, kisha akauliza, "Na zile harusi mbili za Kikwajuni ulizozikataa, zingekuwa shilingi ngapi?" Sikumjibu. Zingekuwa zaidi.

Mimi ni mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Tangu mwaka ule nimeshasafiri mara nne nyingine, na kila ikifika Januari vijana hunifuata barazani: maalim, nimeitwa kupiga Ulaya, niende nisiende? Mtu akiitwa aende. Ila kwanza akae na kalamu.

Kosa langu lilikuwa la hesabu tu. Promota aliandika shoo 11, Euro 280 kwa kila mpigaji kwa kila shoo. Nikazidisha, nikapata 3,080, nikaziona zimeshakuwa bati juu ya nyumba yangu ya Fuoni. Nilichosahau ni siku. Shoo 11 tulizipiga ndani ya siku 34, na mkataba ulitoa chakula na malazi siku ya shoo peke yake. Siku 23 nilikuwa mgeni wa mfuko wangu mwenyewe, kwenye miji ambayo mkate na chai stesheni unalipia bei ya chakula cha mchana kizima sokoni Darajani. Tiketi na viza nilikuwa nimekopeshwa, zikakatwa. Halafu Ujerumani, tulikopiga shoo 6, msanii wa kigeni anayelipwa zaidi ya Euro 250 kwa onyesho hukatwa kodi ya asilimia 15, na juu yake nyongeza ya asilimia 5.5 ya kodi hiyo. Kwenye 280 zangu ilikuwa kama Euro 44 kila usiku. Hakuna aliyenidhulumu. Mkataba ulisema wazi kwamba malipo ni kabla ya kodi. Mimi ndiye niliyesoma ukurasa wa mwanzo, wenye tarakimu, nikatia saini.

Kwa hiyo siku hizi nikipelekewa mkataba sianzii kwenye bei ya shoo. Nahesabu siku zisizo na shoo, nauliza posho yake ni kiasi gani na tunalala wapi, na nani ananunua tiketi za treni kutoka mji hadi mji. Promota mzuri hachukii maswali hayo. Anayechukia, mwache apate mwingine.

Upande wa pili wa hesabu uko hapa kwetu, na ndio vijana wanausahau kabisa. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, muziki unanyamaza. Idd inapita, harusi chache za mfunguo mosi, masika yanafunguka na hoteli nyingine zinafunga milango. Sisi tunaanza kuvuna Juni. Kipupwe kimeingia, Nungwi na Paje zimejaa wageni, Julai kuna sherehe za Mwaka Kogwa Makunduchi, na kila mwenye binti wa kuoza anataka taarabu kabla ya vuli. Kiangazi cha Ulaya kinakuja kukalia mavuno yetu, palepale. Ukiondoka wiki tano huondoki kwenye mapumziko, unaondoka kwenye mavuno. Bei ya shoo ya nje lazima ibebe na hiyo.

Viza nitaipita haraka, maana kila mtu ana kisa chake. Maombi ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla ya safari. Mimi napeleka mapema kabisa, kwa sababu kufuatilia ni kwenda na kurudi Dar kwa boti. Ukipewa, kaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. La muhimu: Uingereza haimo humo, ina viza yake, na ukitoka Uholanzi kwenda London ukataka kurudi Ujerumani, viza yako ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Mpiga fidla wetu alipata ya mara moja, wala hakuna aliyeisoma mpaka tuko Rotterdam. Tukapiga London bila fidla. Taarabu bila fidla ni pilau bila bizari.

Sasa ala. Kanuni yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, kile kibao kinachobeba nyuzi, limekaa juu ya ngozi. Ngozi hiyo inaishi na hewa. Usiku wa Mji Mkongwe, unyevu wa bahari ukiingia, inalegea na sauti zinashuka. Tumezoea, tunakaza kidogo baada ya kila nyimbo mbili. Kwenye ndege na kwenye kumbi zao hewa ni kavu, ngozi inajikaza, sauti zinapanda. Na akordioni haina habari, iko palepale ilipotoka kiwandani, wote lazima tumfuate yeye. Kwenye tamasha fundi mitambo anakupa dakika 15. Mara ya kwanza nilifika nyuzi ya 40 akanionyesha saa. Siku hizi nalegeza kidogo kabla ya kuruka, nikifika tu natoa ala kwenye kasha ikae chumbani izoee, na ninatyuni saa mbili kabla, chooni ikibidi. Nyuzi za akiba nabeba nyingi. Za juu ni mshipi wa kuvulia wa Darajani, na hakuna mzungu aliyewahi kutambua. Ufunguo wa kukazia beba mmoja kwenye begi la mkononi na mwingine kwenye sanduku. Mmoja niliwahi kuuacha kwa askari wa ukaguzi aliyeona ni silaha.

Mwenye udi wa kupiga wa mzee wake, uliopambwa kwa pembe ya ndovu, auache nyumbani au afuatilie mapema kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Watu wa forodha hawasikilizi kwamba ni urithi.

Kuna jambo la saa, mtacheka. Ratiba iliandikwa "10:00, kupima sauti". Mpiga ngoma ya dumbaki wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, akasoma saa kumi. Asubuhi tukamgongea mlango, kimya, ametoka kutembea. Alirudi saa tisa unusu alasiri, amevaa kanzu, amejipulizia udi, amewahi nusu saa. Tangu hapo kila ratiba naiandika upya kwa mkono wangu, saa zetu, na ubaoni naandika "saa nne asubuhi". Naongeza na nyakati za sala, kwa sababu Hamburg mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa nne usiku. Shoo inaanza saa mbili usiku, nje bado mchana mweupe, na magharibi inaingia uko katikati ya wimbo.

Halafu watu wenyewe. Usitarajie kutunzwa. Hapa mwimbaji akigusa penyewe, akina mama wanainuka mmoja mmoja na noti mkononi, nawe unajua wimbo umeingia. Kule wamekaa kimya kama wako hospitali. Usiku wa kwanza nilidhani tumeshindwa, nikaharakisha. Wimbo ulipokwisha walipiga makofi mpaka nikaona haya. Kutunza kwao ni baada ya shoo, pale mezani penye sidii, kwa hiyo usikimbilie chumbani. Simama pale, wape mkono, uza. Uliza kwanza kama ukumbi unachukua fungu lake.

Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, na santuri zile zikarudi kuuzwa huku kwetu. Huwa namfikiria nikiwa kwenye treni. Safari yangu ya pili nilirudi na rekodi nzuri ya shoo moja, na hiyo imeniletea kazi za hoteli kuliko bahasha yoyote ya Euro.

Kwa wale wateja wa nyumbani, usiwaambie tu "nasafiri". Wapelekee mtu wa badala, umfundishe nyimbo zao, na umlipe sawasawa. Mwaka jana nilimwachia mwanafunzi wangu harusi ya Jang'ombe. Niliporudi nikapita kumsalimia mama wa biharusi, na boksi la chokoleti mkononi. Akalipokea, akaliweka chini ya kiti bila kulitazama.

"Kijana wako anapiga vizuri, mwanangu," alisema. "Disemba namuoza mdogo wake. Atakuja yeye. Wewe njoo ule."